Mwalimu Wetu na Walimu Wake wa Kitaliano

Mwalimu wetu wa Ijumaa alikuwa hawezi kusoma riwaya bila kugombana nayo. Anakaa kwenye kochi letu, miguu kaikunja, chai ya karaki pembeni, mara utamsikia: "Rudi ndani, mjinga wewe, huioni mvua?" Mama jikoni hudhani ninafokewa mimi. Kumbe anayefokewa ni mwalimu wa kike wa kijiji fulani cha milimani huko Italia, anayetaka kutoka bila koti, akachukue kikohozi cha kumuua sura mbili tatu mbele.

"Wote wanakufa kwa kikohozi?" nilimuuliza siku moja.

"Wa zamani, ndiyo," akasema. "Wachache wanazama mtoni, kwa kubadilisha."

Jina lake silitaji, na hata yeye hakulipenda sana. "Jina ni la pasipoti," alikuwa akisema, "na pasipoti anayo kafeel, mdhamini wangu." Basi sote tulimwita Mwalimu, hata Mama aliyemzidi umri, hata mlinzi wa jengo letu, Mpakistani ambaye neno jingine la Kiswahili hakulijua.

Siku za kazi alifundisha watoto wa chekechea katika shule moja ya binafsi, kwa Kiingereza. Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuja kwetu, Al Mankhool, hapa Dubai, kutufundisha Kiswahili sisi watoto wa Kizanzibari tuliozaliwa huku, maana wazazi wetu walishaanza kuona haya kila simu ikipigwa kutoka Unguja na mtoto akapewa azungumze na bibi. Darasa lilikuwa majlisi yetu, sebule ya wageni. Nilikuwapo mimi, binamu yangu Salha, na wengine waliokuja wanapokosa pa kwenda. Salha alikuwa anasema kuliko anavyojua. Mimi nilikuwa najua kuliko ninavyosema, kwa sababu aibu imenishika tangu utotoni na haijaniachia.

"Nikiwasaga nyinyi wawili pamoja nikawagawa," Mwalimu alituambia, "nitapata wasichana wawili wa kawaida."

Nikinyamaza sana alinitazama juu ya miwani. "Wewe hata kimya chako nakisikia kina makosa ya sarufi." Salha alicheka mpaka akapaliwa na biskuti, na mimi nikacheka pia, jambo ambalo ndilo Mwalimu alilokuwa analitaka.

Kitaliano alikipata Malindi. Asubuhi alikuwa akifundisha shule ya msingi, na mchana akienda kumsomea bibi mmoja wa Kitaliano, mwalimu mstaafu aliyeishi huko na ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Mwanzoni alisoma kwa sauti bila kuelewa neno, bibi akimrekebisha matamshi, kisha maana ikaja yenyewe, taratibu, kama mgeni aliyechelewa ambaye mlishakula bila yeye. Yule bibi maisha yake yote alikuwa akikusanya riwaya za kwao zenye mwalimu wa kike ndani. Iwe nzuri, iwe mbovu, madhali ina mwalimu wa kike, ataitafuta. Alipofariki, vitabu vikamwangukia msomaji wake. Na Mwalimu alipokuja Dubai alijaza sanduku vitabu, nguo akazibeba kwenye mfuko wa plastiki.

"Uwanja wa ndege walinifungulia sanduku," alituhadithia. "Yule kijana akafukua, akafukua, akasema, 'Madam, nguo ziko wapi?' Nikamwambia, nimezivaa."

Alipanga chumba mtaa wa nyuma yetu pamoja na Mganda mmoja aliyefanya kazi ya mapokezi hotelini. Vitabu vilikaa juu ya friji, na havikupangwa kwa jina la mwandishi wala kwa rangi. Vilipangwa kwa jinsi mwalimu anavyoishia. Kushoto kabisa walikaa wanaokufa, wakifuatiwa na malaika, halafu wanaopiga. Kulia, karibu na ukuta, walikaa wanaoishi.

Siku tuliyokwenda kumsaidia kupangusa vumbi alitutembeza kwenye ile safu kama mtu anayetambulisha ukoo.

"Hawa wa kushoto ni wa zamani sana," alisema. "Msichana mwembamba, kasoma kidogo, katumwa kijijini peke yake. Anapewa chumba chenye baridi. Meya anamtaka, padri anamshuku, wanawake wa kijiji wanamsema kisimani. Hajakosa kitu. Na mwandishi, huku analia, anamuua."

"Waandishi wanaume hao," Salha akasema kwa hasira.

"Na wanawake pia, mwanangu. Wao waliua vilevile, ila kwa upole zaidi. Alora, hawa wa pili ni malaika. Mama wa pili wa kila mtoto. Anawapenda wote, analifundisha taifa zima. Hawa siwapendi. Tangu sura ya kwanza mpaka ya mwisho hawali. Tafuta hata kipande cha mkate, hukipati. Mwalimu gani asiyeona njaa saa nne asubuhi?"

Wanaopiga, alisema, waliandikwa na watu wazima waliokuwa wakikumbuka utoto. Mwalimu kawa mzee, kavaa nyeusi, hana mume, ana rula. "Wamemwonea huruma mpaka wakachoka, sasa wanamwogopa." Halafu akagusa wale wa ukutani kwa kidole kimoja. Hao wanavuta sigara. Wanapanda treni ya alfajiri kwenda kufundisha watoto wa mitaa iliyosahauliwa. Wengine wameachika na wanalala vizuri. Wanagombana na mkuu wa shule na kesho wanarudi kazini. Na wengi wanahadithia wenyewe, kwa "mimi".

"Imewachukua muda gani kufika hapo?" nikauliza.

"Kutoka hapa mpaka hapa," akapima kwa mikono urefu wa friji. "Karne na ushei."

Kuna neno moja la Kitaliano lililomkera kuliko mvua yote ya milimani. Wenyewe wana neno "maestra", mwalimu wa kike. Lakini kwenye vile vitabu vya kushoto yule msichana aliitwa "maestrina", kwa kumpenda ati. "Kijimwalimu!" Mwalimu alifoka. "Mtu mzima na cheti chake, katiwa ki- kama kijiko!"

Na hapo ndipo palipotokea kosa letu maarufu, siku za mwanzo, kabla hatujajua kwamba riwaya zake zote ni za walimu wa kike. Mwisho wa kila kipindi, tukiwa tumekuwa wazuri, alituhadithia riwaya moja kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Kwa Kitaliano neno lenyewe linakwambia huyu ni mwanamke. Kwa Kiswahili yeye alisema tu "mwalimu", mwalimu akafanya hivi, akaenda kule. Mimi kichwani nilimwona mwanamume mwenye masharubu, kama mwalimu wangu wa hesabu. Majuma mazima nilimfuata yule bwana kijijini kwake. Siku moja Mwalimu akasoma: "Mwalimu akaketi dirishani, akafungua nywele, zikamfika kiunoni." Nikajiambia, labda wanaume wa Italia ndivyo walivyo. Akaendelea: "Meya akaja, akapiga goti, akasema anataka kumuoa."

"Astaghfirullah!" Salha akaruka kwenye zulia.

Ikawa sote darasani tulikuwa na yule yule mwanamume wa masharubu. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza kwa utulivu kwamba Kiswahili kina adabu zake. "Hakimchungulii mtu nguoni. Yeye ni yeye. Kinapochungulia ni kwenye ndoa tu, hapo lazima useme nani kaoa na nani kaolewa. Nje ya hapo, basta, kila mtu na siri yake."

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alitukataza kuchanganya lugha, na sentensi yenyewe ya kutukataza ilianza kwa "alora" ya Kitaliano ikaishia kwa "yalla" ya Kiarabu. Alituchapa kwa maneno tukichelewa, na yeye hakufika hata mara moja kwa wakati, kila Ijumaa kosa likiwa la teksi. Alisema umbea ni kazi ya wasio na vitabu, lakini alijua nani jengoni kagombana na mumewe na kwa sababu gani. Aliwacheka waandishi wanaoliza watu, na akifika kwenye kifo chenyewe macho yalimjaa, akasema ni AC. "Punguzeni hiyo AC, inaniumiza macho." Tukapunguza. Akaendelea kulia katika joto.

Alikuwa na misemo yake mwenyewe ambayo sijaisikia kwingine. Sentensi isiyo na kitenzi, alisema, ni kama nyumba isiyo na choo: utakaa, lakini mpaka lini? Mama aliupenda sana huo, akawa anautumia kwa mafundi wa jengo.

Basi mwaka ule, wakati barabara zote zimechimbwa kwa ajili ya metro, shule ya Mwalimu ikamwambia kwamba muhula ukiisha hawatamwongezea mkataba. Wazazi walitaka walimu wenye lafudhi nyingine. Bila mkataba hakuna viza, na bila viza ni sanduku na uwanja wa ndege. Alituambia mwenyewe, kwa mzaha, akichovya biskuti. "Nimefundisha watoto kusema 'apple' miaka yote hii, kumbe nilikuwa nafundisha tofaa la Malindi."

Shangazi, dada yake Baba, hakucheka. Shangazi ni mtu wa kutengeneza mambo. Wiki hiyo hiyo akawa ameshampatia Mwalimu mume.

Alikuwa mjane, mtu wa kwetu kabisa, wazee wake walitoka Unguja zamani, ana karatasi za huku na karakana ya AC kule Al Quoz. Salha akambatiza Bwana Baridi. Tulijaribu kumchukia tukashindwa. Alikuja na halua ya Muscat, akawasalimia wote mpaka wadogo, akakaa mkao wa adabu. Alisema viza ya Mwalimu ataishughulikia yeye, nyumba ipo, na vitabu avilete vyote, atamtengenezea rafu ya ukuta mzima. Alikuwa na sharti moja tu, akalisema kupitia kwa Shangazi: mke wake hatafundisha, wala shuleni wala kwenye majumba ya watu.

"Sharti gani hilo, si neema!" Shangazi alimwambia Mwalimu jikoni kwetu, mimi nikiwa naosha vikombe na kusikiliza kwa masikio yote. "Shoga yangu, wewe si msichana tena. Umechoka na vitoto vya watu. Mwanamume ana moyo, ana kazi, anakuheshimu. Wataka nini tena?"

"Sijui," Mwalimu akasema. Sikuwahi kumsikia akisema sijui.

"Na usipomtaka, unakwenda wapi?"

Mwalimu alifuta meza iliyokuwa safi. Nami nilijua kilichokuwa juu ya mizani: akikubali atabaki Dubai, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, lakini hatakuwa Mwalimu wetu. Akikataa atakuwa mwalimu, lakini wapi, na wa nani? Niliomba akubali. Halafu nikaomba akatae. Nadhani malaika anayeandika alinichoka.

Ijumaa iliyofuata Bwana Baridi akaja kuchukua jawabu. Tukakaa wote majlisini, wazee kwenye makochi, mimi na Salha karibu na mlango. Mwalimu akaja na mtandio wake wa kijani, akaketi, akanywa kahawa. Kisha akasema, "Bwana, kabla sijajibu, naomba nikuulize jambo. Wewe mtu wa busara. Nasoma riwaya moja imenitatiza."

"Tafadhali, Mwalimu," akasema, akafurahi kuulizwa.

"Ni mwalimu mmoja wa kijijini, Italia. Kazi yake anaipenda, na watoto wanampenda. Maisha yamembana, karibu afukuzwe kijijini. Akajitokeza tajiri mmoja, mtu mwema, wakapendana. Tajiri akasema, tufunge ndoa, utakaa raha. Lakini ukiingia kwangu, chaki uiache mlangoni, usiishike tena." Akaweka kikombe chini. "Ungekuwa wewe, ungemshauri nini huyo mwalimu?"

Nilimfinya Salha. Nilikuwa nimeisikia hadithi nzima jinsi ilivyopita pembeni ya kuoa na kuolewa, kama mtu anayeruka madimbwi na viatu vipya. Alisema "tufunge ndoa", na katika kufunga ndoa haijulikani nani ni nani.

Bwana Baridi akajikuna kidevu. Akaona kitu, na nina hakika alichokiona kilikuwa na masharubu.

"Tajiri mwenyewe mwanamke?" aliuliza, kisha hakungoja hata kujibiwa. "La, la, la. Asikubali! Utaachaje kazi yako, heshima yako, kwa sababu ya raha ya mtu? Leo ataacha chaki, kesho ataambiwa aache na rafiki zake. Asikubali abadan. Huyo atafute mwenzake atakayempenda na chaki yake."

Shangazi alikuwa ameshafahamu, akafumba macho.

"Ahsante," Mwalimu akasema. "Na tajiri ni mwanamume. Mwalimu ndiye mwanamke."

Yule bwana akamtazama. Akatazama zulia. Nilidhani atakasirika, na ningependelea hivyo, ingekuwa rahisi. Badala yake akatabasamu kidogo, kama aliyefungwa bao zuri.

"Umenitega, Mwalimu."

"Sikukutega. Nilikuuliza, ukajibu vizuri. Sasa niambie kwa haki: jibu limebadilika?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, kwa muda mrefu, kikombe mkononi. "Nisikudanganye," akasema mwisho. "Kwangu mimi limebadilika. Sijui kwa nini, lakini limebadilika."

"Basi tumeelewana," Mwalimu akamwambia, kwa upole ambao hata sisi hakuwahi kutuonyesha.

Alipoondoka, Shangazi akasimama. "Khalas! Umemfukuza mtu mzima kwa hadithi! Kwa vitabu vya Wataliano!" Mwalimu alikwenda jikoni akasimama akitazama ukuta, machozi yakimtoka, akaniambia ni AC. Jikoni kwetu hakuna AC. Nikamwambia nitaipunguza.

Muhula ulipoisha aliacha kuja. Simu yake ikawa haipatikani, yule Mganda naye akahama, na hakuna aliyejua kama alirudi Malindi. Bwana Baridi akaoa kwingine, na nasikia ana mtoto.

Nimemwona tena wiki iliyopita. Kina Salha wamehamia Silicon Oasis, nami nilitumwa supamaketi ya chini ya jengo lao kununua mtindi. Kwenye njia ya vyakula nikaona sare ya bluu yenye kola nyeupe, ile ya wafanyakazi wa nyumbani, ikisukuma toroli lenye mtoto wa kike wa miaka kama minne. Niliujua mgongo kabla ya uso. Nikajificha nyuma ya magunia ya mchele. Sijui nilimwonea aibu yeye au nilijionea mwenyewe.

"Toka huko," ikasema sauti. "Hata kujificha unajificha kimakosa, miguu yote nje."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umerefuka. Sauti ndiyo imebaki pale pale." Akaniona ninavyoikwepa sare kwa macho. "Itazame tu, haiumi. Viza yasema mtumishi wa nyumbani."

"Na wewe wasemaje?"

Kabla hajajibu, mtoto wa kwenye toroli, nywele rangi ya mchanga, akanyoosha mkono. "Shikamoo, dada. Habari za nyumbani?" Kwa lafudhi ya Malindi kabisa. Mtindi uliniponyoka, Mwalimu akaudaka.

Madam wake, akanieleza, alitaka mlezi anayejua Kitaliano, ingawa mwenyewe hakijui, kwa kuwa kila kiangazi wao huenda Italia. "Asubuhi namfundisha Kitaliano. Jioni Kiswahili. Kwa madam vyote ni Kitaliano."

"Hujamwambia?"

"Hajauliza. Akiuliza nitamjibu."

Nikamwambia kuhusu Bwana Baridi na mtoto wake. Alikuwa anajua, bila shaka. "Mungu awabariki. Mtu mkweli yule." Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza kama anajuta.

Akashika mpini wa toroli, akatazama maziwa yaliyopangwa. "Siku nyingine, hapana. Ijumaa mchana, ndiyo. Wenyewe wanatoka kula nje, nabaki chumbani na mashine ya kufulia. Hapo najuta vizuri, mpaka laasiri." Kisha akacheka. "Na riwaya ya mwalimu anayesukuma toroli bado sijaikuta. Wataliano wamechelewa."

Madam akatokea upande wa matunda, mwanamke mchangamfu, simu mkononi. Aliuliza kwa Kiingereza mimi ni nani, Mwalimu akasema mwanafunzi wake wa zamani. "Ah, kwa hiyo na huyu anasema Kitaliano?"

Mwalimu alinitazama bila kupepesa.

"Kidogo, madam," nikasema.

"Hebu sema kitu! Napenda sana kukisikia."

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni ya nyama wakageuka. Masikio yaliniwaka. Siku zote mahali kama hapo sauti hunikimbia, nami humwacha Salha aseme. Salha hakuwapo. Nikamtazama Mwalimu, nikasema polepole ili nisikosee: "Tangu ulipoondoka hakuna anayetusahihisha, na Mama kila Ijumaa bado anapika wali wa mtu mmoja zaidi. Usikae na mashine ya kufulia. Njoo."

"Lugha tamu!" madam akapiga makofi. "Kama wimbo!"

Mtoto kwenye toroli alikuwa ananitazama mdomo wazi, maana yeye alikuwa ameelewa kila neno. Mwalimu aliinama akapanga upya vitu vilivyokuwa vimeshapangika, na ilimchukua muda kuinua uso.

"Brava," akasema, na katika mazungumzo yote yale, hilo peke yake ndilo lililokuwa Kitaliano.